Digrii Kumi na Mbili za Stamen

12 Mei, kijiji cha Malko Izvore. Baridi asubuhi, jua la woga.

Naandika haya ili msimu ukiisha na watu wakianza kuulizana nani aliyeokoa kiwanda, jibu liwepo na tarehe zake, wasije wakampa Radko sifa. Mimi ni Mincho, miaka hamsini na sita. Darasa la nane nimelimaliza na la tisa nimelionja. Jeshini nilitengeneza rada kwa kijiko cha supu mpaka kanali akalia.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanda chetu cha ushirika kina masufuria mawili makubwa ya shaba ya kuchemshia maua ya waridi. Mvuke unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unageuka maji, na juu yake mafuta yanaelea. Maji ya kupozea yakipata moto, mafuta yanaondoka na mvuke, sisi tunabaki na harufu. Anayesoma joto na kufungua koki ya maji baridi ni kompyuta. Programu yake aliiandika shemeji yangu Stamen, mume wa dada yangu Nedyalka. Stamen tulimzika Aprili.

Sasa, kipimajoto cha zamani kilikufa wiki ile ile aliyokufa yeye. Kilikuwa kinadanganya: kilizidisha digrii kumi na mbili, na Stamen akaandika mstari mmoja wa kuzipunguza. Kipya kinasema kweli, lakini programu bado inapunguza. Maji yakifika arobaini na tano, yenyewe inaona thelathini na tatu, inastarehe, koki imefungwa.

Ni mstari mmoja wa kufuta! Leo Mama Vulkana, mwenyekiti wetu, aliuliza nani ataufuta. Nilisimama kabla hajamaliza.

"Wewe, Mincho?" Radko, mpishi wa masufuria, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe unazima simu yako kwa kuichomoa betri."

"Stamen nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha nini, kukoroma?"

"Haya, basi," Mama Vulkana akasema. "Tarehe nne Juni tunakutana tena. Masufuria yakifanya kazi, tunaendelea. Yasipofanya, yule mnunuzi wa shaba chakavu ameshanipigia simu mara mbili. Tutayauza, na maua yetu yatapelekwa mjini milele. Mmesikia? Milele."

Nimesikia. Siku tatu zinanitosha, na zitabaki.

14 Mei. Mvua nyepesi. Vitumba vimefura.

Nilikwenda kwa dada kuchukua ufunguo wa chumba cha kompyuta. Karatasi ya tanzia yenye picha ya Stamen bado imebandikwa mlangoni, imeanza kupauka.

"Chukua, kaka," Nedyalka akasema. "Ila folda yake usiiguse mpaka arobaini ipite. Viatu vyake viko pale pale alipovivua, na folda iwe hivyo hivyo."

"Nitanakili tu, dada."

"Nakili. Usifute hata nukta yake."

Nimejitengenezea folda yangu, nikaliweka humo faili la joto. Huo mstari nimeuona. Juu yake Stamen aliandika maneno ya utani. Nimeyafuta pamoja na mstari, upesi.

16 Mei. Mawingu.

Kwa asiyejua: maandishi ya Java, lugha ya programu hii, mashine haiyali mabichi, lazima yapikwe. Kuna hati fupi, hati ya kujenga, inayomwelekeza mjenzi aliye ndani ya kompyuta: maandishi yako njia hii, yachukue, yapike, weka pale. Nikaiamuru, ikapika bila kulalamika. Nikachovya kipimajoto kwenye ndoo ya maji ya digrii arobaini na tano.

Kioo cha kompyuta kikaonyesha thelathini na tatu.

17 Mei. Thelathini na tatu.

18 Mei. Uchumaji umeanza. Thelathini na tatu.

19 Mei. Umande mzito, waridi linapenda hivyo.

Nimempata mwizi! Hati ya kujenga ina njia moja tu ya chanzo, ya kuyafikia maandishi, na njia hiyo inakwenda kwenye folda ya Stamen. Mimi nabadilisha kwangu, mjenzi anapika ya kwake. Ni sawa na kumwaga chumvi kwenye chungu changu na kuonja cha jirani. Nikaifuta njia ya Stamen, nikaandika yangu.

Makosa mia mbili na kumi na nne, yote mekundu.

Radko akachungulia dirishani. "Mbona kioo chako kinatoka damu?"

"Ni hatua ya kawaida."

"Ahaa. Basi na mimi nikiunguza supu nitasema ni hatua ya kawaida."

20 Mei. Mvua tena, asante Mungu, maua hayafunguki kwa pupa.

Nimeelewa mambo mawili, na kila moja limenigharimu nusu siku. La kwanza, faili la joto haliishi peke yake. Linategemea mengine arobaini, nami nilinakili hilo tu. La pili, njia ya chanzo haitaki kuishia pale faili lilipolala, inataka kuanzia juu, mahali ambapo matawi yote yanaota. Mimi nilimpeleka mtu wa posta mpaka kitandani kwa mwenye barua, wakati yeye alitaka mlango wa mbele.

Basi nikaandika njia mbili kwenye mstari mmoja. Ya Stamen kwanza, yangu nyuma yake, kama inavyostahili. Mjenzi akagoma: joto limeandikwa mara mbili, sijui nimfuate nani.

21 Mei. Jua.

Nimeshinda! Kuna neno la kumwambia mjenzi kwamba faili fulani asilichukue. Nikaandika jina la faili la joto kwenye orodha ya wasioalikwa. Akapika kila kitu, hakuna kosa hata moja. Nikatoka uani na glasi ya rakia, pombe yetu ya matunda, nikamweleza Mama Vulkana, na mke wa mchungaji wa kondoo, na dereva wa trekta ambaye hakuniuliza. Nikawaambia jinsi kule Libya mwaka wa themanini na tatu nilivyoamsha buldoza iliyolala mchangani miaka sita kwa kuipigia filimbi tu.

Kisha nikachovya kipimajoto.

Siandiki ilisema nini.

23 Mei. Arobaini ya Stamen. Anga safi.

Tulikwenda makaburini. Ngano ya kuchemsha yenye sukari, mkate, divai. Tone la kwanza tukalimwaga chini kwa ajili yake kabla mtu yeyote hajanywa. Baadaye Nedyalka akagawa nguo zake. Koti la kijani akampa Radko, ambaye alilia kama mtoto, jambo ambalo sikulitegemea.

Nikamvuta dada pembeni. "Arobaini imepita. Niruhusu niitoe ile folda, nifanye kazi kwa nafasi."

Akanichukua mpaka chumba cha kompyuta, akafungua mafaili ya mumewe moja moja. Ndani yake, kati ya mistari ya mashine, Stamen alikuwa akiandika maneno ambayo mjenzi huyaruka, ni ya macho ya watu tu. *Hapa Radko kanikatiza, anasema sufuria linaimba. Hapa Nedyalka kaleta kahawa, usisahau kumshukuru.*

"Nguo nimegawa," dada akasema. "Hii ndiyo sauti yake. Naisoma kila siku kabla sijafunga mlango. Halafu hili hapa, la joto. Umeliona?"

Nililiona, siku ile nilipolifuta kwangu. Kwake bado lipo: *Kipima hiki kinazidisha digrii kumi na mbili, kama shemeji Mincho. Kusahihishwa hawezi, basi punguza tu.*

"Alikuwa anakupenda," Nedyalka akasema.

Miaka ishirini na mitano Stamen alisikiliza habari zangu zote, buldoza, rada, mbwa mwitu niliyemkamata mkia, na alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Kumbe alikuwa anapunguza.

24 Mei. Joto. Radko anafungua koki kwa mkono, sufuria zote mbili.

25 Mei. Joto. Radko bado.

26 Mei. Joto zaidi. Radko amekaa katikati ya masufuria kwenye kreti, kipimajoto cha mkono mdomoni kama sigara. Nimempelekea banitsa, mkate wa jibini. Anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye koki.

"Lini, Mincho?"

"Kesho."

"Jana pia ulisema kesho. Sijakuchoka wewe, ni mgongo wangu uliochoka."

27 Mei.

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Upepo wa moto ulishuka toka kusini tangu alfajiri, na waridi lote la bonde likafunguka kwa mpigo. Kufikia saa tatu magunia yalikuwa yamepangwa mpaka nje ya geti. Waridi lililochumwa halisubiri. Ukiliacha kwenye gunia linajipasha lenyewe, ukitia mkono ndani unahisi homa. Watu wakaanza kumwaga maua sakafuni na kuyageuza kwa uma za mbao, ukumbi mzima waridi mpaka magotini, na nje bado mikokoteni inakuja.

"Washa yote mawili!" Mama Vulkana akapiga kelele.

Radko akawasha yote mawili. Koki ya sufuria la pili ilikuwa ngumu, imeziba chokaa. Akaikamua kwa mikono miwili, na hapo lile la kwanza likabaki bila mtu. Mimi nilikuwa chumbani kwa kompyuta. Nimefuta kila kilichopikwa jana na juzi, nikapika upya toka mwanzo, nikiamini pengine mjenzi anatulisha viporo. Kioo kilisema thelathini. Nikaona nafuu, nikadhani imepona, hata ndooni sikuijaribu. Thelathini! Nikapiga kelele dirishani: "La kwanza liko sawa, Radko, shughulika na la pili!"

Mimi nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Thelathini ya kioo ilikuwa arobaini na mbili, ikipanda. Radko aliniamini. Mara ya kwanza katika maisha yake, Radko aliniamini. Alipogeuka, mvuke ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa bomba, akakimbilia koki na mvuke ukampitia mkononi, toka vidole mpaka kiwiko. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Ee, mama," akakaa sakafuni juu ya maua.

Kijiji kizima kilinukia waridi. Mpaka kanisani, mpaka kwenye zizi la mbuzi. Wageni wangesema uzuri ulioje. Sisi tulisimama uani na kila mmoja akavuta hewa na kujua anavuta nini: yalikuwa mafuta yetu, ya siku nzima, yakienda zake.

Chupa ya kupokelea ilikuwa na utando mwembamba, kama wa mchuzi wa maskini.

Walipomchukua Radko kwenye gari la zahanati, mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Programu ya Stamen imetumaliza." Mwingine akaitikia. Nedyalka alikuwa amesimama pale pale na uma wake wa mbao, nguo nyeusi imejaa petali. Aliwasikia. Nami niliwasikia. Nilikuwa na kinywa, na mnajua mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Sikusema.

28 Mei. Maua yamepelekwa mjini kwa lori.

29 Mei. Lori.

30 Mei. Mvua ya mawe, dakika nne. Nusu ya safu za upande wa mto zimelala chini. Lori limeondoka nusu tupu.

Nimebadilisha majina ya folda, nimeyarudisha. Nimezima kompyuta, nimeiwasha. Nimeomba. Leo nimejikuta namwambia mjenzi kwa sauti, "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

31 Mei. Nimemtembelea Radko. Mkono umefungwa bandeji kama mtoto mchanga. Nilitegemea matusi, nimejiandaa na majibu matatu.

"Chokaa kwenye koki ya pili," akasema. "Mwambie mtu aikwangue kwa siki."

Hilo tu. Nimekwangua mwenyewe. Sijui nilimchukia kwa nini miaka yote hii. Nadhani kwa sababu alikuwa anacheka palipochekesha.

1 Juni. Mama Vulkana alikuja, akakaa kwenye kiti cha Stamen. Nilidhani kaja kunifokea.

"Baba yangu alilala chini ya masufuria haya wakati wa vita, kuyalinda," akasema. "Mimi ndiye nitakayesaini karatasi ya kuyauza. Mincho, nieleze kweli. Unajua unachofanya?"

"Sijui, mwenyekiti."

Ajabu, hakukasirika. "Basi angalau tuko wawili," akasema.

2 Juni. Mawingu, kimya.

Kwenye kitabu cha Stamen nimekuta kwamba mjenzi anaweza kuamriwa aseme kila anachofanya: kila faili analofungua, na amelitoa wapi. Wiki tatu nilikuwa nampigia kelele mtu bubu, kumbe alikuwa anasubiri ruhusa ya kusema! Nikamruhusu. Akatoa mistari elfu moja na mia tisa. Nikaichapa yote. Kufikia mstari wa themanini macho yangu yalikuwa yanaona mchwa.

Nikamwita dada. Nedyalka alisoma telegramu posta miaka ishirini na sita, hakuwahi kuruka neno. Akavaa miwani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza.

"Faili la kengele, folda ya Stamen. Faili la saa, folda ya Stamen. Faili la koki, folda ya Stamen." Akaendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, sauti moja. Kisha rula ikasimama.

"Soma, dada."

"Faili la joto. Folda ya Stamen."

"Haiwezekani. Hilo nimelizuia, liko kwenye orodha ya wasioalikwa."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, kaka. Hata telegramu za msiba nilizisoma zilivyo."

Nikazichukua karatasi. Nikatazama mstari ule na ule uliotangulia, koki halafu joto, koki halafu joto, na polepole, kama mtu anayeshushwa kisimani kwa kamba, nikafika chini.

Orodha ile inamkataza mjenzi kulichukua faili yeye mwenyewe, mwanzoni, anapokusanya. Lakini faili la koki linaliita joto kwa jina. Na mjenzi akisikia jina ambalo hana, anatoka kwenda kulitafuta. Anafuata ile njia ya chanzo niliyomwandikia, folda ya kwanza, kisha ya pili. Akilikuta kwenye ya kwanza, msako umekwisha, kwenye ya pili hafiki kabisa. Wiki mbili nzima alibisha kwa Stamen, Stamen akaitika, na mlangoni kwangu hakuja mtu.

Nikamweleza dada. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwa nini ulimweka yeye kwanza?"

"Wewe ungemweka nyuma? Mimi nimwandike marehemu nyuma yangu? Mkubwa kwangu, mwenye kazi yake?"

Nedyalka alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha jikoni alichokuja nacho, akaivaa tena.

"Kaburini ni wa kwanza," akasema. "Pale sitaki mtu anywe kabla yake. Lakini hapa, kaka, Radko ameungua mkono."

"Niitoe folda?"

"Nani kasema itoke? Sogea."

Akakaa mbele ya kioo. Anaandika kwa kidole kimoja, lakini kidole hicho hakikosei. Akalikata jina la folda ya mumewe toka mwanzo wa mstari. Akakaa kidogo, mstari ukiwa na jina langu tu, na nikaona bega lake linapanda na kushuka. Kisha akalibandika nyuma.

"Anakaa wa pili," akasema. "Miaka yote tuliyoishi naye hapa kijijini, hata yeye alijua kumpisha mtu mlangoni. Pika."

Nikapika. Nikachovya kipimajoto kwenye ndoo, na kile cha mkono kando yake.

Arobaini na tano. Arobaini na tano.

Ukutani, koki ikajizungusha yenyewe, na maji baridi yakapita kwenye bomba kwa mlio kama wa mtu anayesafisha koo.

3 Juni. Maua ya upande wa juu, ambayo mawe hayakuyafikia. Sufuria moja. Mafuta yamesimama kwenye shingo ya chupa, ya manjano, unene wa kidole changu. Na mimi kidole changu ni kinene, hilo siongezi.

4 Juni. Mkutano.

Chupa iliwekwa mezani. Kila mtu aliinusa. Mmoja wa wale waliosema siku ile, jina namwachia Mungu, akasimama: "Sawa, imepona. Lakini mwakani je? Programu ya Stamen ina kasoro, hiyo tumeiona kwa macho. Shaba ina bei mwaka huu. Tuuze tukiwa na akili."

Watu wakanung'unika kukubali. Nedyalka alitazama mikono yake. Nikaona mambo yanavyokwenda: ilikuwa rahisi sana. Marehemu hajibu, mimi ndiye niliyetengeneza, na sifa ile niliyoanzia kuandika daftari hili ilikuwa imelala mezani kando ya chupa. Ila wakiiacha kasoro kwa Stamen, hawataiamini mashine yake tena, na masufuria yatauzwa.

Nikasimama.

"Programu ya Stamen haina kasoro na haikuwahi kuwa nayo," nikasema. "Njia ya chanzo niliiandika mimi, na niliiandika kombo. Tarehe ishirini na saba mimi ndiye niliyemwambia Radko joto liko sawa. Sikujua. Na Stamen sikumfundisha chochote. Siku ya kwanza alinionyesha jinsi ya kuwasha kompyuta, na siku ya pili akanionyesha tena."

Nilitegemea kicheko toka kona ya Radko. Radko alikuwa ameegemea ukuta, mkono kwenye kitambaa cha shingoni, koti la kijani mabegani.

"Mimi ndiye niliyeungua," akasema, "na mimi nasema tusiuze. Aliyekosea kashasema kakosea. Kule mjini mtamsikia nani akisema hivyo?"

Mama Vulkana akaita mikono. Ishirini na mmoja kubakiza, kumi na nane kuuza. Akaichana karatasi ya mnunuzi vipande vinne, akavitia mfukoni, hakuvitupa, mwanamke huyu hatupi kitu.

Kompyuta imepewa Nedyalka. Mimi nimepewa magunia. Nimewaambia kwamba bandarini Varna nilikuwa nabeba manne kwa mkupuo, mawili kila bega.

"Mawili," dada akasema bila kugeuka.

Yalikuwa mawili.

5 Juni. Joto, upepo wa kusini tena, maua ya mwisho.

Sufuria zote mbili zinachemka. Radko alikuja ingawa daktari alimkataza, akakaa kwenye kreti yake katikati, mkono mzima umeshika koki kwa mazoea. Nilipita na gunia, nikapita na jingine. Mara ya tatu nilipopita kichwa kilikuwa kimeanguka kifuani. Maji yakapanda, thelathini na nne, thelathini na tano, na koki ikaanza kuzunguka yenyewe ndani ya kiganja chake. Mkono ukateleza, ukalala pajani.

Hakuamka. Nikaliweka gunia chini polepole, nikawaonyesha wengine kwa kidole mdomoni, na sote tukaanza kupita kwa ncha za vidole.